Mayonezi ya thomu na kotmiri: nifanyeje isikatike, na yai bichi lina usalama?

Muuza mihogo, Jang'ombe

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa jikoni. Jioni huwa nauza chipsi, mihogo ya kukaanga na mishkaki barazani kwangu, na wateja, hasa vijana, wamekuwa wakiniulizia mayonezi ya thomu yenye majani, ile nyeupe yenye vidoadoa vya kijani. Ya chupa ni ghali kwa biashara ndogo kama yangu, na kwa ulimi wangu ina sukari kupita kiasi, kwa hivyo ningependa kuitengeneza mwenyewe.

Shida yangu ni kwamba siku nyengine inashika vizuri na siku nyengine inakatika, mafuta yakaelea juu, ilhali vipimo ni vile vile: mayai mawili mazima, vikombe viwili vya mafuta, ndimu, chumvi na thomu, vyote kwa pamoja ndani ya blenda. Tena wifi yangu ananiambia kwamba kuwalisha watu yai bichi katika joto hili ni kujitafutia lawama, nami sina la kumjibu. Jengine ni mafuta ya nazi: ninayo ya kutosha nyumbani, je, yanafaa kwa kazi hii?

Bint Konde

Wa alaykumu ssalaam dada yangu. Vipimo vyako havina neno; tatizo ni mwendo wa mafuta. Mayonezi ni mafuta yaliyogawanywa yakawa vijitone vidogo mno ndani ya maji kidogo, na maji yenyewe ni yale yanayotoka kwenye yai na ndimu. Kinachovizuia vijitone hivyo visirudi kuungana ni kiini cha yai, kwa sababu ya lesithini na protini zilizomo ndani yake. Mafuta yakiingia kwa kasi kuliko yanavyoweza kugawanywa, au jagi la blenda likiwa pana hata visu vikapiga sehemu tu ya kilichomo, matone yanaungana na kila kitu kinaachana, kama tui linavyokatika ukiliacha lichemke bila ya kulikoroga. Ndiyo maana siku nyengine unabahatika na siku nyengine hubahatiki.

Chukua viini viwili, visiwe vimetoka frijini wakati huo huo, uvipige pamoja na vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu, chumvi nusu kijiko cha chai, na haradali kijiko kimoja cha chai kama unayo. Kisha anza kutia mafuta tone kwa tone huku unaendelea kupiga bila ya kusita. Robo kikombe ya mwanzo ndiyo yenye kuamua kila kitu, na hapo usimruhusu mtu akuite mlangoni. Mchuzi ukishaanza kushika utausikia kabla ya kuuona, maana sauti ya blenda inabadilika na kuwa nzito. Ukiusimamisha, mwiko unaacha mfereji usiozibika upesi. Kuanzia hapo mafuta unaweza kuyamimina kwa mkondo mwembamba kama uzi mpaka vikombe viwili viishe.

Ukiona umekuwa mzito mno na unang'aa kama uliopakwa mafuta, tia kijiko kimoja cha maji ya vuguvugu. Wengi huyaogopa maji, lakini mchuzi wa namna hiyo uko karibu kukatika kwa sababu maji yaliyomo hayatoshi tena kuyatenga matone. Na ukikatika usiumwage. Tia kiini kipya katika bakuli safi, kisha ule uliokatika uurudishe kidogo kidogo kama kwamba ndiyo mafuta yenyewe, na utashika.

Mafuta ya nazi yaweke kando. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hivyo mayonezi yake ikikaa ndani ya friji inakuwa kipande kigumu, na ikiyeyuka inaachana. Hata isipoachana, harufu ya nazi itaifunika thomu. Tumia mafuta ya alizeti yasiyo na harufu.

Mpishi wa Mkoani

Bint Konde amesema kweli kuhusu mafuta, ila haradali mimi sioni haja yake, kwani inasaidia mchuzi kushika lakini inagombana na kotmiri. Mimi nataka kuzungumzia thomu na majani, kwa sababu huko ndiko ladha iliko na huko ndiko watu wengi wanakopitia mbio.

Thomu nzima haina ukali wa kutisha. Ukali unazaliwa pale unapoiponda au kuikata, kwa kuwa vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani ya punje vinakutana na kufanya alisini, ambayo ndiyo inayochoma ulimi. Kwa hivyo thomu iliyosagwa kwenye blenda kwa muda mrefu huwa kali kuliko iliyokatwa kwa kisu, na ndiyo inayomfanya mteja aondoke na harufu mpaka kesho yake. Ndimu huizuia kazi hiyo. Menya punje tatu au nne kwa vikombe viwili vya mafuta, zipasue katikati, toa chipukizi la kijani kama limo, kisha ziponde kwenye kinu pamoja na chumvi na maji ya ndimu kwa wakati mmoja, mpaka zilainike kabisa pasibakie kipande cha kutafuna. Utapata ladha ya thomu iliyo wazi bila ya ule moto. Ukiona thomu imegeuka rangi ikawa na ukijani au ubuluu baada ya kukutana na ndimu, usishtuke, haijaharibika.

Kwa upande wa majani, kotmiri ndiyo msingi, nanaa kidogo sana, na mrehani majani machache kwa anayependa. Yaoshe, kisha yakaushe barabara kwa kitambaa safi, maana maji yanayobaki kwenye majani ndiyo yanayoifanya mayonezi iwe nyepesi na ichuruzike kwenye chipsi. Yakate kwa kisu kikali, usiyasage. Ukiyasaga utapata mchuzi wa kijani mtupu, na wateja wako wanataka vidoadoa. Yachanganye mwisho kabisa, tena siku hiyo hiyo ya kuuza, kwa sababu chumvi huyatoa maji polepole na majani hunyauka. Pilipili mbuzi moja iliyotolewa kokwa inakaa vizuri humo. Kwa pweza, hata hivyo, mimi bado nitataka pilipili na ndimu tupu, mayonezi wabakie nayo wenyewe.

Jiko Salama, Wete

Naomba niongeze kwa upande wa usalama, kwa sababu wifi yako ana haki. Yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, hata likiwa zima na safi kwa nje, na ndimu peke yake si dhamana. Anayepika kwa ajili ya watu wake nyumbani anajua nani ana mimba, nani ni mzee na nani ana mtoto mdogo. Anayeuza barazani hajui.

Kwa biashara, mayonezi ya maziwa inatosha kabisa. Chemsha maziwa halisi, toa utandu, yaache yapoe kabisa. Chukua nusu kikombe ya maziwa hayo na kikombe kimoja cha mafuta ya alizeti, uvitie katika chombo chembamba kirefu, ushushe blenda ya mkono mpaka chini, uiwashe bila ya kuisogeza kwa muda kidogo, kisha uinyanyue taratibu. Protini za maziwa hufanya kazi ile ile ya kiini. Ikishashika, tia thomu iliyopondwa na ndimu ya Mpishi wa Mkoani, nawe utaona tindikali inaizidisha uzito. Ladha yake ni nyepesi kidogo kuliko ya yai, lakini mbele ya thomu na kotmiri ni wachache watakaoitambua.

Kama huwezi kuliacha yai, basi viini vichanganye na maji ya ndimu na maji kidogo, uvikoroge juu ya mvuke bila ya kuacha mpaka joto lifike nyuzi 71, uvipoze, ndipo uanze kutia mafuta. Bila ya kipimajoto usijaribu njia hii, kwa kuwa ni rahisi mno kutoka na mayai ya kuvuruga.

Usiiweke thomu iliyopondwa ndani ya chupa ya mafuta nje ya friji ukidhani unajirahisishia kazi ya kesho. Humo hakuna hewa wala tindikali, na vijidudu vinavyosababisha sumu ya botulizimu hupenda mahali pa namna hiyo, tena bila ya kubadilisha harufu wala rangi.

Muuza mihogo, Jang'ombe

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Nitaishika njia ya maziwa. Ila friji yangu iko ndani na mimi nauza nje kuanzia magharibi mpaka saa nne za usiku, na umeme nao mara upo mara haupo. Bakuli likae nje muda gani?

Jiko Salama, Wete

Kanuni inayotumika ni saa mbili nje ya friji, na iwapo joto limepindukia nyuzi 32, saa moja tu. Kwa hivyo usitoe bakuli zima. Toa kidogo katika kibakuli chenye kifuniko, ukiweke ndani ya sufuria yenye barafu, na kikiisha ulete chengine. Kipya usikimimine juu ya masalio. Wateja watilie kwa kijiko wewe mwenyewe, wasichovye mihogo yao humo. Siku ambayo umeme umekatika mchana kutwa, wape chatne ya ukwaju.