Mjadala: Utoto wa mhalifu umtetee mahakamani?

Kijana akikamatwa kwa wizi au mauaji, hazipiti siku mbili utasikia, "Huyo aliachwa na mama yake angali mdogo, mlitegemea nini?" Wengi wanaosema hivyo hawajamsoma Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, lakini hoja ni yake na ya wafuasi wake: uhalifu wa mtu mzima una mizizi katika mambo ya utotoni ambayo hata mwenyewe hayakumbuki. Naileta tuijadili. Msimamo wangu ni kwamba hoja hii imsaidie mlezi wa kijana aliyeharibika, ila hakimu asiipokee kama sababu ya kosa.

Nianze na pale inaponishawishi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, August Aichhorn, mwalimu aliyefuata mawazo ya Freud, aliendesha makazi ya vijana watukutu nchini Austria. Wakorofi kuliko wote aliwaweka pamoja, akaagiza wasiadhibiwe. Wakavunja madirisha na samani. Siku moja mmoja wao akamshikia mwenzake kisu cha mkate shingoni. Aichhorn akasimama kimya, anatazama tu. Kijana alipoona hakuna anayeshtuka, akakitupa kisu, akapigapiga miguu chini, akalia mpaka nguvu zikamwishia. Kipigo alichokizoea hakikuja. Kitabu cha Aichhorn cha 1925 kilitoka na dibaji ya Freud mwenyewe, na kwa yeyote anayefanya kazi katika shule za maadilisho, tukio lile lina somo kuliko mihadhara mingi.

Lakini kumlea kijana ni jambo moja, na kueleza kwa nini aliiba ni jingine. Wanaotetea nadharia hii hukimbilia utafiti wa daktari wa akili John Bowlby, London, 1944. Alichunguza watoto 44 wezi, akawalinganisha na 44 wengine waliokuwa na matatizo ya kihisia lakini hawaibi. Kati ya wezi hao, 14 aliwaona hawana upendo kwa mtu yeyote, na 12 kati ya hao walikuwa wametengwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo. Takwimu hizo zinagusa, sikatai. Ila Bowlby ndiye aliyewapima na ndiye aliyeamua nani hana upendo. Tena katika wale 44 wote, waliotengwa na mama ni 17. Waliobaki 27 je?

Hapo ndipo nadharia inapoanza kuteleza. Mhalifu asiye na haya wanasema dhamiri yake haikukua. Freud naye mwaka 1916 akaandika kuwa wapo wanaotenda kosa kwa sababu tayari wamelemewa na hatia isiyojulikana chanzo, na kosa huwapa nafuu maana hatia imepata pa kushika. Yaani dhamiri ikipungua, uhalifu. Dhamiri ikizidi, uhalifu. Ushahidi gani utaweza kuipinga hoja ya namna hiyo?

Freud mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko wafuasi wake wa leo. Mwaka 1924, Nathan Leopold na Richard Loeb, vijana wa matajiri wa Chicago, walimuua mvulana wa miaka 14. Gazeti moja la huko lilimwahidi Freud fedha nyingi aje awachambue. Alikataa, akasema hawezi kutoa maoni ya kitaalamu kwa kutegemea habari za magazeti. Mahakamani madaktari wa akili walieleza kwa kirefu utoto wa vijana hao na walezi wao. Hakimu akawaepusha na kitanzi, lakini sababu aliyoitaja ni umri wao mdogo.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Mwaka 1954 daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika ripoti kwa serikali ya kikoloni akiwaeleza Mau Mau kama watu ambao akili zao zimeyumba kati ya mila na usasa. Hakuwa mfuasi wa Freud hasa, lakini njia ni ileile: ukishamgeuza mtu kuwa mgonjwa, huna haja tena ya kumuuliza ardhi yake iko wapi.

Anayeona hakimu asikilize habari za utotoni, anijibu hili: ndugu wawili wamelelewa nyumba moja, wote wameachwa na mama, mmoja ni jambazi na mwingine fundi cherehani. Nadharia yako ingewatofautishaje kabla jambazi hajakamatwa?