Tupeane uzoefu: uvumi uliouamini, nani alikuletea?

Habari zenu wa Kampala, Busia, Arua na kwingineko. Hapa hatumcheki mtu. Naomba tu useme ulisikia kwa nani, na siku hiyo ulikuwa katika hali gani.

Naanza mimi. Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Uganda, mama mkubwa alinipigia saa tisa usiku kutoka Tororo. Kuna mtoto mchanga amezaliwa, mtoto huyo kasema neno, kisha kafa: kila mtu anywe chai ya rangi bila sukari kabla jua halijachomoza. Niliwasha jiko, nikaamsha watoto watatu wakanywa, nikapigia watu sita. Mama mkubwa ndiye aliyenilea. Hata usiku ule hakunidanganya, alinipa alichopewa. Na chai ilikuwepo ndani. Ningekataa kisha ikawa kweli, ningewaambia nini watoto?

Mdau, Busia:
Mimi ni simu. Ujumbe uliingia kwamba nimepokea shilingi 150,000, mara mama mmoja akapiga analia: nimekosea namba, ni za matibabu ya mtoto. Nilikuwa nimetoka msikitini muda uleule. Nikamrudishia bila kuangalia salio. Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye namba ya kawaida tu, na pesa niliyotuma ilikuwa yangu.

Mdau, Mubende:
Yetu ilikuwa nzito. Ebola ilitangazwa Septemba 20, 2022, wengine wakasema ni uchawi, wengine wakasema ni njia ya kutafuta pesa za wafadhili. Wahudumu walieleza kwamba chanjo iliyotumika Kongo haifai kwa Ebola ya aina ya Sudan. Ilikuwa kweli tupu, lakini ilipofika sokoni ikawa "chanjo wanayo, wanatunyima". Kisha jirani akafariki. Akazikwa na watu waliojifunika mwili mzima, ndugu wakakatazwa kumwosha. Watu mnaowajua hamuwaoni sura, maiti hamuigusi, maelezo hamna. Shaka itakosaje? Wiki mbili tulimsikiliza mganga, wengine wakaficha homa ndani ya nyumba. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Aliyetutoa huko ni muuguzi, mzaliwa wa kijiji chetu, aliyetueleza kwamba mwili wa marehemu ndio hatari zaidi, virusi vimejaa humo.

Mwanzisha mada:
Pole sana, ndugu yangu. Wahudumu nao walikuwa wamewaeleza mambo ya Ebola. Yeye mlimsikia kwa nini?

Mdau, Mubende:
Hakuanza na ugonjwa. Aliketi kwenye mkeka na wafiwa, akatoa pole, akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mjane akazungumza kama saa nzima. Alipomaliza, ni yeye mwenyewe aliyeuliza: "Sasa niambie, kwa nini walinikataza kumwosha?"