Iowa: kura ilipigwa 2010, mfuko wa njia za baiskeli mpaka leo mtupu!

Wakuu, nina hasira na leo nasema.

Mtaani kwetu hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, kuna njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Lami safi, mstari wa njano katikati, halafu ghafla inakatika. Hakuna kibao, hakuna kivuko. Unajikuta kwenye kokoto, na mbele yako barabara ya malori isiyo na hata pembeni pa kukanyaga. Jumamosi mwanangu wa miaka 9 aliteleza pale pale, goti likachanika, na lori likampita hatua tatu tu kutoka alipoanguka. Nikapiga simu kuuliza kipande kilichobaki kitajengwa lini. Jibu: "Kipo kwenye mpango, fedha hakuna."

Hakuna kwa nini? Novemba 2010 wapiga kura wa jimbo hili, asilimia 63, walikubali katiba ibadilishwe na uundwe mfuko wa kudumu wa maliasili na burudani za nje. Udongo, maji, maziwa, vyote vimo, na njia hizi zimetengewa asilimia 10. Lakini mfuko utaanza kuingiziwa 3/8 ya senti kwa kila dola ya manunuzi SIKU KODI YA MAUZO ITAKAPOPANDISHWA, si kabla. Kodi hiyo ilifika asilimia 6 mwaka 2008 na haijasogea. Mwaka 2020 gavana Kim Reynolds alipendekeza iongezwe senti moja, mpango ukaishia njiani. Asilimia 10 ya mfuko mtupu inajenga nini?

Na mtu asiniambie haiwezekani. Nimevuka daraja la High Trestle, lile lililojengwa palipokuwa na reli, karibu nusu maili kutoka mwanzo hadi mwisho, linalovuka mto Des Moines. Lilifunguliwa 2011, watu wanatoka mbali kuja kuliona. Wanaweza wakitaka! Ila bila fedha ya uhakika ni kuokoteza ruzuku na michango, na mji wenye wafadhili na wataalamu wa kuandika maombi ndio unaopata. Sisi wapangaji, wengine hata gari hatuna, tunaachiwa kokoto.

Mlioko Cedar Rapids, Iowa City na Waterloo, kwenu njia zinakatikia wapi? Wekeni picha hapa na jina la barabara. Nazikusanya niwapelekee wawakilishi wetu wa jimbo, na anayejua utaratibu wa kuomba mkalimani wa Kiswahili kwenye vikao vyao anielekeze.