Rangi ya kifuniko cha injini inabanduka kama ganda la kitunguu: joto au maandalizi?

msasa_ngarenaro
Wakuu, naomba msaada. Kifuniko cha injini na boksi la eakilina (kichujio cha hewa) vilipulizwa rangi nyeusi ya kopo, ile ya ekzosi inayohimili joto. Wiki tano tu, inatoka. Ukiingiza ukucha pembeni inanyanyuka kipande kizima, na plastiki ya chini inabaki inang'aa kama haijawahi kuguswa. Vilioshwa kwa petroli, vikapitishwa msasa wa 400 juu juu. Nyuma ya kifuniko pameandikwa >PA66-GF30<, kwenye boksi >PP-T20<. Nitafute rangi ya joto kubwa zaidi?

fundi_klia
Mkuu, joto halihusiki. Rangi iliyoungua hubadilika rangi au hupasuka nyufa ndogo ndogo. Ikinyanyuka kipande kizima na kuacha plastiki safi, maana yake haikuwahi kushika.

Rangi ya ekzosi haifai hapo kabisa. Nyingi zinaiva sawasawa zikifika nyuzi 200 na zaidi, na chini ya boneti kifuniko hakifiki huko. Ukitaka kuioka kwa nguvu, PP (polipropilini, plastiki ya boksi lako) inayeyuka kwenye 160 hivi, utabaki na bakuli. Tumia rangi ya kawaida ya gari na klia (koti la juu lisilo na rangi) ya 2K, yaani ya sehemu mbili, inayochanganywa na hadena ya kuigandisha.

Halafu una plastiki mbili tofauti. PA66 ni nailoni yenye nyuzi za kioo asilimia 30. Inashika rangi vizuri ikiwa safi na kavu. PP ina talki asilimia 20, na ndiyo mkorofi: uso wake hauna kitu cha kushikwa. Bila dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki (ile nyepesi isiyo na rangi, inauzwa kopo au chupa) hata upige msasa mpaka kesho itabanduka.

Petroli nayo iache. Inasambaza mafuta kisha inakausha utando wake juu. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, sugua kwa brashi hasa kwenye mbavu za ndani, suuza mara mbili. Kisha dawa ya kuondoa mafuta na nta, kwa vitambaa viwili: cha kwanza kinapaka, cha pili kinafuta kabla haijakauka. Ukiacha ikauke yenyewe, uchafu unarudi palepale. Safisha kwanza, msasa baadaye. Ukianza na msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo.

Rangi ya zamani itoe yote kwa msasa, usitumie dawa ya kubabua rangi. Kwenye nailoni usishuke chini ya P320 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi). Ukitumia 120, nyuzi za kioo zinasimama kama ndevu na zitaonekana juu ya klia. Malizia P600 ya maji.

mama_spreya_moshi
Naongeza kwa fundi. Adui mkubwa wa injini zetu ni ile silikoni ya kung'arisha wanayopuliza kwenye sehemu za kuoshea magari. Rangi ikitua juu yake inafunguka vishimo vya duara, na ukiongeza koti vinazidi. Hapo usifiche, futa yote ikiwa mbichi, anza upya.

Mwingine atakwambia umwage maji uone kama yanatandaa. Kwenye nailoni kipimo hicho ni sawa. Kwenye PP kinadanganya, maana hata ikiwa safi maji yanajikusanya matone. Hapo angalia kitambaa cheupe: kikitoka kama kilivyoingia, basi.

Nailoni inanyonya maji pia. Baada ya kuosha iache juani siku nzima kabla ya kupuliza chochote, la sivyo utaona malengelenge injini ikipata moto.

Dawa ya kushikisha: makoti mawili membamba, karibu uone kama hujapuliza kitu. Dakika 5 hadi 10 katikati. Usiipige msasa. Rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa, paka tena. Watu wengi wanaimwaga inene wakidhani itashika zaidi, kumbe inakuwa tabaka laini linaloteleza.

msasa_ngarenaro
Asanteni sana. Huku Arusha asubuhi ni baridi na ukungu, nipulize saa ngapi? Na klia kiasi gani?

fundi_klia
Mwezi wa 6 na wa 7 subiri saa tano, jua likishapasha kitu chenyewe. Ukigusa plastiki iwe vuguvugu, siyo hewa tu. Ukipuliza kwenye unyevu klia inapauka maziwa. Mwagia maji sakafuni kuzuia vumbi, lakini nusu saa kabla.

Kwa vitu viwili hivyo klia ml 100, hadena ml 50 kama kopo linasema 2 kwa 1, tina (ya kuipunguza uzito) ml 10 hadi 15. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, usikadirie kwa macho. Hadena ikipungua klia inabaki inanata. Ikizidi inakuwa kavu na kupasuka. Presha bar 2, umbali sentimita 15 hadi 20, koti moja jembamba, dakika 10, kisha moja la kujaza. Na barakoa iwe ya kichujio cha mkaa. Ya vumbi au leso haizuii hadena ya 2K.

mama_spreya_moshi
Moshi mchana wa Februari ni kinyume: chukua tina ya kukauka polepole, la sivyo rangi inakauka hewani na kutua kama unga.

Kabla ya kupuliza, punguza makali ya kingo kwa P600, kwa sababu rangi hukimbia kingo na hapo ndipo kubanduka kunaanzia. Ziba matundu ya raba na klipu kwa tepu ya karatasi. Rangi ikiingia humo, klipu ikibanwa inaivuta yote. Kaa siku 7 kabla ya kufunga, mwezi kabla ya presha ya maji. Na ukijaza oili ya breki, weka kitambaa: tone moja la DOT 3 likikaa linaivimbisha klia.