Mgonjwa wa saratani ya umio anayevuta na kunywa: kuacha sasa kunasaidia?

Tabibu_Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Naomba mchango wa walio kwenye fani. Mwanamume, miaka 58, chakula kigumu kilianza kumkwama miezi minne iliyopita, sasa anapitisha uji na supu tu. Kipimo cha kamera kimeonyesha uvimbe katikati ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), na majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa hapo ni saratani ya skwamasi, ile inayoanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani. Siti skani haionyeshi kitu kwenye ini wala mapafu. Amepangiwa mionzi mara 28 pamoja na dawa za kemikali, kuanza baada ya wiki tatu. Uzito umeshuka kutoka kilo 63 hadi 50. Anavuta pakiti moja kwa siku na anakunywa pombe kali, chupa mbili za mililita 200, kila siku.

Kaka zake wanasema maji yakimwagika hayazoleki, aachiwe starehe yake. Dada yake anataka vyote vitolewe nyumbani leo hii. Je, kuacha sasa kunaongeza uhai, au faida ilikuwa kabla ya ugonjwa? Na aanze na kipi?

Chumba_cha_Mionzi

Tabibu, dada yuko karibu zaidi na ukweli, ila kwenye pombe asikurupuke. Hilo nawaachia watu wa wodini.

Tusimdanganye mgonjwa: kinachoamua zaidi ni hatua ya ugonjwa siku ulipogundulika, na hali ya mwili wake. Lakini kuacha bado kuna uzito. Mionzi huua seli vizuri zaidi pakiwa na oksijeni. Moshi wa sigara una gesi ya kaboni monoksidi, inayoshikana na himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inafika kwenye uvimbe haina nafasi ya kubeba oksijeni ya kutosha, na uvimbe wenye njaa ya oksijeni ni sugu kwa mionzi. Kaboni monoksidi hiyo hupungua nusu kila saa 4 hadi 5 hivi. Sasa mwangalie mgonjwa anayeshuka kwenye bajaji, anavuta moja nje ya geti, kisha anaingia kulala chini ya mashine. Hakuna wakati mbaya kuliko huo. Akishindwa kuacha kabisa, angalau asivute tangu jioni ya siku iliyotangulia. Sisemi mchana avute, hiyo ni ngazi ya kwanza tu.

Halafu kuna siku zinazorukwa. Wiki ya tatu hivi umio unaanza kuwa kidonda. Pombe kali ikipita pale ni ndimu kwenye kidonda kibichi: anakataa kumeza, mwili unakauka, mionzi inasimamishwa, na seli za saratani zilizobaki zinapata nafasi ya kuzaliana. Mara 28 zilizokamilika ndani ya wiki tano na nusu hazilingani na mara 28 zilizoburuzwa hadi wiki nane.

Kwa kaka zake: pombe huvunjwa mwilini kuwa asetaldehaidi, inayoharibu vinasaba, na moshi una sumu zake. Vikikutana madhara huzidishana. Mdomo, koo na umio vyote vimeoga sumu hizo, mapafu nayo yamepata moshi, ndiyo maana hata tiba ikifaulu anaweza kupata saratani nyingine pembeni. Kuacha kunapunguza hatari hiyo.

Sista_wa_Wodi

Pombe ikikatwa vibaya inaweza kumuua kabla saratani haijafika. Piga hesabu: mililita 400 za asilimia 35 ni mililita 140 za alkoholi tupu, yaani gramu 110 hivi. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina gramu 20. Ni sawa na bia tano na nusu kila siku, kwa mtu asiyekula vya kutosha.

Akikatiwa ghafla, baada ya saa 6 hadi 8 anatetemeka na kutoka jasho. Ndani ya saa 48 anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, moyo kwenda mbio. Ndugu watadhani saratani imepanda kichwani, wambakize nyumbani. Aache chini ya daktari, kwa diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa siku hadi siku. Na kabla ya dripu yoyote yenye sukari apewe vitamini B1 ya sindano. Akiba yake huenda imekwisha, na sukari ikitangulia inaweza kuumiza ubongo.

Wiki tatu zinatosha, mpelekeni kesho. Daktari wa dawa za kemikali aambiwe kiasi halisi cha pombe, si "anaonja onja". Kama dawa ni sisplatini, figo zake zinahitaji maji mengi, naye anaingia akiwa amekauka.

Tabibu_Mbagala

Ahsante sana, Sista. Kwa sigara, ndugu wameuliza bablishi ya nikotini, na mmoja amependekeza ugoro.

Chumba_cha_Mionzi

Ugoro hapana. Hauna moshi, lakini bado una visababishi vya saratani. Bablishi haimfai mtu anayesumbuka kumeza mate. Plasta ya nikotini ndiyo njia: kwa pakiti moja kwa siku huanza na miligramu 21, mpya kila asubuhi, sehemu tofauti ya ngozi. Hamu hukaba zaidi siku tatu za kwanza, kwa hiyo zisiangukie siku za kuanza mionzi.

Lishe_Kariakoo

Naongeza la chakula, maana kilo 13 zimekwenda. Anahitaji kalori 30 hadi 35 kwa kila kilo, yaani 1,500 hadi 1,750 kwa siku. Uji mtupu haufiki huko. Upikwe kwa maziwa, siagi ya karanga iliyosagwa laini na kijiko kikubwa cha mafuta, ambacho peke yake ni kalori 120 hivi. Uchujwe, anywe ukiwa vuguvugu, usiwe wa moto. Kama hata uji unakwama, ombeni mpira wa kulishia tumboni kabla mionzi haijaanza.

Na ndugu wasimwambie amejitakia. Ukanda huu kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini una wagonjwa wengi wa umio ambao hawajawahi kugusa sigara wala pombe. Mtu akilaumiwa huficha chupa, na daktari anapewa kiasi cha uongo.