Nimeingia duka la TVS kimyakimya, sasa sijui niiache Boxer

Mbeba_Karoti:
Wakuu, heshima kwenu. Nina pikipiki ya Bajaj, Boxer BM 150 ya gia nne. Niliipata kwa mkataba mwaka 2019, nikampelekea bosi hesabu kila Jumapili mpaka akanikabidhi kadi. Abiria sibebi sana. Napandisha mbolea na mafuta ya kula Mgeta, nashusha karoti na njegere Morogoro mjini. Kule juu ni kona na vumbi, ila ukishatokea barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga ni lami tupu. Hapo kwenye lami ndipo mguu wangu hutafuta gia nyingine, haipo.

Juzi nikaingia duka la TVS. Boxer niliificha nyuma ya kibanda cha chipsi, na reflekta nikaivua maana mgongoni imeandikwa Bajaj. (Mwanangu wa darasa la pili bado hanielewi: kwa nini pikipiki yetu ni Bajaj wakati bajaji ina matairi matatu?) Kijana wa dukani ananiangalia tu, anacheka. "Kaka, Boxer umeiacha wapi?" Kumbe funguo nimezishika mkononi.

Akanikalisha kwenye HLX 150. Gia tano. Ina hadi sehemu ya kuchajia simu, ingawa hiyo kwangu ni mapambo. Tukazunguka mtaa, yeye kakaa nyuma. Nilipofika gia ya nne mguu ukatulia kwa mazoea, nikasikia napigwa begani: "Bado moja!" Nikatia. Injini ikashusha sauti kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Nikarudi kibandani. Siti imeshonwa mara mbili, mkono wa klachi umefungwa mpira wa tyubu. Nikajisikia kama nimemsema vibaya mtu asiyekuwepo. Kuna jamaa yuko tayari kuichukua kwa milioni moja na laki moja, iliyobaki nitajazia mwenyewe. Mkataba tena sitaki. Nibadilishe au nitulie? Ushabiki wekeni pembeni.

Spana_14:
Mkuu, umeuliza gia na chaja, spea je? Mjini za zote mbili zipo, huko sina wasiwasi. Wewe klachi pleti zikikuishia kule juu saa kumi na mbili jioni, gunia liko nyuma, nani anazo? Nenda kwa fundi wa mwisho kwenye njia yako, yule wa chini ya mti, mwombe akufungulie mkebe wake. Angalia klachi pleti, kebo, cheni na sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni) ni za pikipiki gani. Nunua kilichomo kwenye mkebe. Mimi niliwahi kuingia mkenge kwa chapa moja, jina nalihifadhi. Nilisubiri kabureta wiki tatu na bosi anataka hesabu yake.

Babu_Gia:
Kijana, usiuze kwanza. Badilisha sproketi ya mbele, ongeza jino moja. Kwa mwendo uleule injini itazunguka polepole zaidi, na gharama yake haifiki ya kujaza tenki. Lakini nakwambia mapema, ukiongeza huku unapunguza kule: mlimani itachoka.

Wa_Kayole:
Hapa Nairobi watu wa boda wameanza kuhamia za stima. Roam, Ampersand, Spiro, chagua wewe. Betri ikiisha unapitia kituoni, unabadilishiwa, unaenda. Oili na plagi unasahau.

Mbeba_Karoti:
@Wa_Kayole sawa ndugu yangu, na hicho kituo cha Mgeta nikijenge mwenyewe?

Mbeba_Karoti:
MREJESHO. Nimeanza na ushauri wa Babu kwa kuwa ni wa bei nafuu. Lami sasa ni raha, sina ninachodai. Ila jana nimepanda na mfuko wa mbolea wa kilo 50, kwenye kona zile mbili za mwisho nikabaki gia ya kwanza, nanyonga mafuta, watoto wa shule wananipita kwa miguu na shikamoo wananipa.

Nikapita kwa fundi wa chini ya mti. Mkebe ulikuwa wa maziwa ya unga. Ndani klachi pleti za Boxer, pea tatu. Nikamuuliza za TVS, akanyanyua kidole juu: kwenye msumari uliopigwa kwenye shina imening'inia cheni, na pleti zake kwenye mfuko wa nailoni. "Wako wanne sasa huku," akasema. "Zamani hakuwepo hata mmoja."

Jumamosi narudi dukani. Safari hii naiegesha mlangoni.

Spana_14:
Na reflekta uvae.