Mnaomwambia Eric Omondi arudi kwa komedi, mmewahi kushikiliwa mgonjwa juu ya bili?

Wadau nimekuja hapa nikiwa nimekasirika na sitajificha. Wiki hii yote kila nikifungua simu napata watu wazima wenye kazi zao wanaandika ati Eric Omondi aache kelele arudi kuchekesha, ati anatafuta kiti 2027, ati Sisi kwa Sisi, ule mchango wake wa kusaidia wenye shida, ni ya kujitafutia jina, halafu chini yake kuna watu mia mbili wanacheka. Mnacheka nini?

Mimi sio shabiki wa kupofuka, hio niiseme mapema. Nimemjua huyu jamaa toka siku za Churchill Show, kile kipindi cha vichekesho cha TV, akiwa mwembamba hivi, akiruka kwa steji mpaka unaogopa ataanguka, na nyumbani kwetu mama alikuwa anaacha kukoroga ugali akija kumuona. Halafu zikakuja zile za Wife Material 2020 na mimi nikamkasirikia kabisa, sikuipenda ile kitu ya wasichana kushindania mwanaume mbele ya kamera na hata leo sitaitetea. 2021 bodi ya filamu ikamfuata hio Wife Material ya pili akakamatwa. Mwaka huo huo, Novemba, akakamatwa tena, sasa nje ya Bunge, akidai asilimia 75 ya muziki unaochezwa kwa redio na TV zetu uwe wa wasanii wa hapa. Hapo ndio niliona ni kama kuna kitu kimeanza kubadilika ndani yake, lakini nikasema wacha tuone.

Februari 2023 nikaona. Unga ulikuwa umepanda mpaka mtu ananunua ya kupima kwa gorogoro, na yeye akaenda Bunge na vijana wamevua mashati kulalamikia gharama ya maisha, wakarushiwa vitoa machozi, akabebwa na polisi. Niambieni, wabunge wangapi walikuwa wamebebwa na polisi juu ya unga wiki hio?

Na hii maneno ya "komedi sio siasa" imetoka wapi jameni? Hii Kenya! Wahome Mutahi aliandika vichekesho vya Whispers gazetini watu wakacheka nchi nzima na bado 1986 akafungwa kwa ile kamatakamata ya Mwakenya, lile kundi la siri la kupinga serikali ya Moi. Redykyulass, lile kundi la wachekeshaji, walimwiga Moi kwa TV wakati bado ako Ikulu, wakati wazazi wetu walikuwa wanashusha sauti ndani ya nyumba zao wenyewe wakitaja hilo jina. Na mmoja wao, KJ (John Kiarie), ni mbunge wa Dagoretti Kusini toka 2017. Kwa hivyo mchekeshaji akikalia kiti ndani ya Bunge mnamwita mheshimiwa, akisimama nje ya geti la hilo Bunge akitaja bei ya unga mnamwambia arudi kwa steji. Hebu mtu anielezee hio tofauti bila kuzunguka.

Sasa nifike kwa yenye imenileta. Mama yangu alilazwa mwaka jana. Hospitali sitaitaja. Alikaa wiki tano, akapona, daktari akaandika anaweza kwenda nyumbani, na hapo ndio shida ikaanza juu bili ilikuwa 612,000 na hatungeweza. Akashikiliwa siku 19. Mtu amepona anakaa kwa kitanda kama mfungwa, wodi imejaa, wagonjwa wengine wanalala wawili wawili, na yeye hawezi kutoka mpaka karatasi ipigwe muhuri. Nilikuwa naenda kila jioni baada ya kazi namkuta amekunja leso yake vizuri ameiweka kwa magoti kama mtu anangoja matatu. Siku ya kumi akaacha kuniuliza.

Kila mwezi mimi nakatwa. Mshahara wangu ni 42,000, asilimia 2.75 ya bima ya afya ni 1,155, na 630 ingine ya ule mpango wa serikali wa nyumba, nyumba ambayo sijui nitailalia lini. Nakatwa kabla sijaona hata shilingi. Lakini nikienda dirishani naambiwa mtambo uko chini, rudi kesho, hii haiko kwa pakeji, ulizia pale, pale unatumwa hapa. Tukafanya harambee kanisani tukapata 180,000. Ndugu yangu akachukua mkopo wa sacco 160,000. Tukauza ng'ombe wawili 130,000, na hao ndio walikuwa wanalipa karo ya mtoto wa marehemu dada yangu. Iliyobaki, 142,000, nikaandikisha kwa jina langu ndio akaachiliwa.

Usiku mmoja hapo katikati nilifungua kurasa za Omondi nione kama naweza kumwandikia. Sikuandika. Unajua kwa nini? Kila posti yake, hata ile hana habari na ugonjwa, chini yake ni foleni. Mwingine mtoto ana shimo kwa moyo. Mwingine ni mzee wa dialisisi. Mwingine ameweka picha ya maiti ya mzazi imezuiliwa mochari. Mwingine ameandika tu "niokoe" na namba ya simu. Nilisoma mpaka saa nane usiku nikaona mama yangu angalau amepona, nikafunga simu. Foleni ya kitaifa ya wagonjwa iko chini ya video ya mchekeshaji! Na nyinyi mkipita hapo mnaona mtu anatafuta kiki.

Mtu akipata bahati akawekwa kwa kurasa za Omondi, mnajua vile inaenda, Wakenya wanatuma 20, wanatuma 50, mpaka mtu anasema line imejaa, ile nusu milioni ambayo ndio mwisho wa line ya M-Pesa imefika, leteni namba ingine. Hao wanaotuma sio matajiri. Ni mama mboga, ni mtu wa boda, ni mimi na 50 yangu. Na hao hao ndio wamekatwa ama wameambiwa walipe bima kwanza. Tunalipa mara mbili! Mara ya kwanza kwa serikali kwa lazima, mara ya pili kwa huruma, na ile ya pili ndio inatoa mgonjwa hospitali.

Mnauliza hesabu ya Sisi kwa Sisi, sawa, ulizeni, pesa ya watu lazima iulizwe na hata mimi ningependa ionyeshwe vizuri zaidi. Lakini SHA, hii bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024 na hospitali zimekuwa zikilia toka hapo ati hazijalipwa, na sijaona mkifungua uzi wa kurasa kumi kuuliza hio. Hasira yenu yote ni ya mtu hana hata mamlaka ya kukata mtu shilingi.

Na sijafurahia kuwa imefika hapa. Inaniuma. Mgonjwa asipojua kupiga video? Yule wa kijijini hana simu? Yule hana sura ya kuliza watu? Omondi hawezi kubeba hao wote na haikuwa kazi yake. Juni 2024 alimpoteza ndugu yake Fred kwa ajali ya barabarani, mwezi ule ule vijana walikuwa wanapigwa risasi wakiandamana juu ya Finance Bill, ule mswada wa kodi, na bado watu walikuwa wanamuuliza mbona amenyamaza, na sasa amesema mnamuuliza mbona anasema.

Mama ana kliniki Alhamisi na zile 142,000 bado nalipa kidogo kidogo. Wenye kusema arudi kwa komedi, niandikieni hapa chini basi mimi nipeleke bili yangu wapi.